Bastola Kiunoni, Kahawa Mkononi: Wenye Silaha wa Marekani Wanagombania Nini?

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kuna video inayorudi kila baada ya miezi kadhaa, kama malaria. Mwanamume wa Kimarekani amepanga foleni kwenye mgahawa, kaptula na kofia, na mgongoni ananing'iniza bunduki ndefu. Anaagiza, analipa, anaondoka. Hakuna anayepiga kelele. Kila ikirudi, maneno ni yale yale: mjomba anasema nchi ile imekwisha, dada anauliza mbona polisi hawamkamati wala mwenye mgahawa hamfukuzi, na binamu yetu wa Houston anaandika ujumbe mrefu ambao hakuna anayeumaliza.

Leo namsaidia binamu. Nadhani tunaikosea video ile tangu mwanzo. Tunaiona kama ugomvi kati ya wapenda bunduki na wachukia bunduki. Ugomvi huo upo, wala si mdogo. Lakini maneno makali kuliko yote niliyowahi kusoma dhidi ya mtu wa namna ile yameandikwa na watu wenye bastola zao viunoni.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kubeba wazi ni kutembea na silaha inayoonekana: bastola ndani ya ala kiunoni, au bunduki ndefu begani. Kubeba kwa kificho ni bastola ile ile, ila shati limeifunika. Yote mawili ni tofauti na kutisha kwa silaha, yaani kuichomoa na kumwelekezea mtu, au kuishika kwa namna ya kumtia hofu. Hilo ni kosa la jinai. Kwa hiyo sheria inaangalia sana silaha iko wapi: ikiwa kwenye ala ni mzigo tu, ikiwa mkononi inaweza kuwa tishio. Bunduki ndefu ndiyo inayovuruga hesabu, kwa sababu haina ala. Ina mkanda. Mkanda ukimchosha bega, mtu akaishika mbele ya kifua huku anasoma bei za vyakula, je, amebeba au anatisha? Mtu aliyekaa meza ya pili na watoto wake hana muda wa kulijibu swali hilo kwa utulivu.

Kisha kuna neno uharakati. Arizona unaweza kukutana na mzee anayekwenda kununua maziwa na bastola kiunoni kwa sababu ndivyo alivyotembea maisha yake yote. Anachukua maziwa, anarudi nyumbani. Mwanaharakati wa kubeba wazi anakwenda dukani ili aonekane. Wanapatana watu wanane au kumi, wanakwenda pamoja, wanapiga picha, wanazirusha mtandaoni. Maziwa ni kisingizio. Ugomvi wote ninaoueleza hapa unamhusu huyu wa pili.

Na hakuna kitu kinachoitwa "Marekani wanaruhusu". Kusema hivyo ni kama kusema "Afrika mvua inanyesha". Kila jimbo lina sheria yake. Majimbo 29 hayamdai mtu mzima aliye halali kumiliki bastola awe na leseni ndipo aibebe hadharani. Illinois hairuhusu bastola kubebwa wazi hata kama unayo leseni. Florida, ambayo wengi wetu tungeapa kuwa ni nchi ya bunduki, ilikuwa na marufuku ya kubeba wazi tangu 1987, hadi mahakama ya rufaa ilipoitengua Septemba 2025.

Sasa tuje kwenye swali la dada: kwa nini mwenye mgahawa hamfukuzi? Na upande wa pili, kuna wanaouliza: akimfukuza, si atakuwa amevunja Katiba?

Hapana. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya kumiliki na kubeba silaha. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2008 kwamba haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, na mwaka 2022 ikasema inamfuata hata akitoka nje ya nyumba yake. Lakini hayo yote yanaifunga mikono serikali. Hayamfungi muuza kahawa.

Fikiria zile kumbi za Dar zenye kibao mlangoni: "Hairuhusiwi kuingia na ndala." Hakuna sheria ya Tanzania inayokataza ndala. Ukivaa ndala barabarani, askari hana neno nawe. Mlangoni pale, hata hivyo, kuna mwenye mahali, naye amesema lake. Ukiingia kwa nguvu, au ukiambiwa utoke ukagoma, kosa lako si ndala tena. Ni kukaa kwenye mali ya mtu bila ridhaa yake. Marekani ni hivyo hivyo kwa bastola. Mtu akiuliza mbona basi mwenye duka hawezi kumkataa mteja kwa rangi yake, jibu ni kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilitaja rangi, dini na asili ya mtu. Bastola haimo.

Hapo ndipo penye fundo. Mmarekani anayeipenda bunduki yake, mara nyingi sana ndiye yule yule anayeamini kwamba mali ya mtu ni yake, na asiingiliwe na yeyote. Haki mbili anazozienzi zinakutana uso kwa uso kwenye mlango wa mgahawa, na mlango haupitishi zote mbili kwa pamoja.

Kwa miaka mingi hazikugongana kwa sababu moja tu: watu walinyamaza. Mwenye duka hakusema kitu, mwenye bastola hakuuliza. Kwetu pwani tunaijua nguvu ya kimya. Anatumwa mtu chumbani kumuuliza mwari kama ameridhia kuolewa. Mwari anainamisha kichwa, hasemi. Aliyetumwa anarudi kwa wanaume na kusema ameridhia. Maduka ya Marekani yaliishi na wenye bastola kwa ridhaa ya namna hiyo. Uharakati ulifanya jambo ambalo aliyetumwa chumbani hatakiwi kulifanya: kusimama mlangoni na kupaza sauti, "Ndiyo au hapana? Sema tusikie!"

Majibu yalianza kusikika California. Kuna kisa cha nyuma kidogo. Mei 2, 1967, wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliobeba silaha kujilinda, waliingia na bunduki zao kwenye jengo la Bunge la jimbo, Sacramento, kupinga muswada wa kuzuia silaha zenye risasi hadharani. Muswada ukapita mwaka huo huo, gavana Ronald Reagan akautia saini. Ndiyo, yule Reagan aliyekuja kuwa rais na kipenzi cha wahafidhina. Ndiyo maana wanaharakati wa 2010, wengi wao wakiwa watu ambao wasingependa kufananishwa na Black Panther, walikuwa wakikaa kwenye migahawa ya kahawa na bastola tupu viunoni, risasi zikiwa pembeni. Peet's Coffee na California Pizza Kitchen wakasema hatutaki. Starbucks ikasema inafuata sheria ya kila jimbo, basi. Bunge la jimbo nalo likasikia kelele, na Oktoba 2011 gavana Jerry Brown akatia saini sheria ya kukataza hata bastola tupu kubebwa wazi, kuanzia Januari 1, 2012. Mwenye silaha wa California aliyekuwa akijibebea kimya kimya alipoteza haki aliyokuwa nayo, na aliyeipoteza kwa niaba yake alikuwa mwenzake.

Starbucks ikabaki katikati. Wapinga silaha wakaitisha mgomo wa kutonunua kahawa yake; wapenda silaha wakaitangazia siku ya kuishukuru, kwa kujazana humo na bastola. Starbucks haikuomba shukrani hiyo. Agosti 2013 siku hiyo ya shukrani ikapangwa kufika hadi Newtown, Connecticut, mji ambao miezi minane nyuma mtu mwenye bunduki aliua watoto 20 na watu wazima 6 kwenye shule ya msingi ya Sandy Hook. Mgahawa wa Newtown ulifunga mapema siku hiyo. Hata leo nikilisoma jambo hili najiuliza ni nani kwenye kikao kile aliyesema "twende Newtown" na wenzake wakakubali.

Septemba 17, 2013, mkuu wa kampuni, Howard Schultz, akachapisha barua ya wazi: tunawaomba wateja wasilete silaha. Lilikuwa ombi, si marufuku, na sababu aliyoitoa ni ya kibinadamu kabisa. Hakutaka kumlazimisha mfanyakazi wa kaunta amkabili mteja mwenye silaha. Hebu mwone mfanyakazi huyo: kijana mwenye aproni ya kijani, maziwa yanachemka nyuma yake, foleni imefika mlangoni, na yeye ndiye wa kwenda kumwambia mtu mwenye bastola kwamba hatakiwi.

Texas ndiko ugomvi ulikokolea, na Texas ndiko ilikotoka aina ya video inayozunguka kwenye simu zetu. Swali ambalo watu wachache hujiuliza ni hili: kwa nini bunduki ndefu? Mtu anayetaka kujilinda anapokwenda kula anabeba bastola. Bunduki ndefu inagonga meza, inakwama kwenye kiti, inabidi uishike ukiinama kuchukua chakula.

Jibu linachekesha kidogo. Texas, kinyume na sinema zote ulizotazama, ilikuwa imekataza kubeba bastola tangu 1871. Leseni ya kubeba kwa kificho ilianza kutumika 1996 tu. Kubeba bastola wazi kuliendelea kuwa kosa hadi 2016. Ila sheria ile ya zamani haikugusa bunduki ndefu. Kwa hiyo mwaka 2014 mtu wa Texas angeweza kukamatwa kwa bastola ndogo inayoonekana kiunoni, wakati mwenzake mwenye bunduki ya aina ya AR-15 begani anapita salama. Wanaharakati wakaamua kuibeba kasoro hiyo kihalisia: mnatunyima bastola, basi tutakuja na hizi, mpaka mjue sheria yenu haina akili. Kama hoja ya darasani, naiona ina mashiko. Tatizo ni kwamba mama aliyekuja kula na watoto hajui historia ya sheria ya 1871. Anachokiona ni bunduki.

Mei 2014 zikasambaa picha za vijana wawili na bunduki zao ndani ya mgahawa wa Chipotle, eneo la Dallas. Chipotle ikaomba watu wasilete silaha. Kabla mwezi haujaisha migahawa ya Chili's na Sonic nayo ikasema vivyo hivyo, na Julai 2 maduka ya Target. Hakuna kati ya kampuni hizi iliyokuwa ikihangaika na suala hili mwaka mmoja kabla. Hata kundi la Open Carry Texas, likishirikiana na wenzake, liliwaambia wafuasi wasiingie tena na bunduki ndefu kwenye biashara za kampuni kubwa bila kualikwa kwanza.

Ndipo NRA, chama kikubwa kuliko vyote cha wamiliki wa bunduki, chama ambacho hakuna anayekishuku kwa kuchukia silaha, kikaandika kwenye tovuti yake kwamba tabia hiyo ni ya ajabu, haina adabu kwa watu wengine, na inaiharibia kazi harakati nzima. Zilipita siku chache tu. Wanaharakati wakachachamaa, baadhi wakakata kadi zao za uanachama vipande vipande na kuzipiga picha. Mapema Juni mkuu wa idara ya siasa ya chama akajitokeza kusema yale yalikuwa maoni ya mfanyakazi mmoja na kwamba ilikuwa makosa kuyachapisha. Huyo mfanyakazi mmoja, kwa maoni yangu, alisema kile ambacho wanachama wengi walikuwa wakikisema jikoni mwao.

Wanasema nini hasa? Anayetetea kubeba wazi atakwambia haki isiyotumika huota kutu. Watu wanaogopa bunduki kwa sababu wanaiona kwenye habari za mauaji tu. Wakiiona kila siku kiunoni mwa fundi bomba na mwalimu, wataizoea. Atakwambia pia mhalifu akiona bastola atatafuta duka jingine. Na mahali ambapo leseni ya kificho inadaiwa pesa na mafunzo, kubeba wazi ndiyo njia ya maskini.

Mwenzake, mwenye bastola ya kificho, anatikisa kichwa. Mhalifu aliyekwisha kuamua, anasema, akiingia na kukuona una bastola, wewe ndiye wa kwanza kupigwa. Umempa taarifa bure. Foleni ikibanana, mtu wa nyuma yako anaweza kukuchomolea silaha. Askari hutumia ala zenye komeo kwa sababu hiyo, wewe unayo? Na juu ya yote, mwenye duka alikuwa hajali. Umekwenda kumlazimisha ajali. Sasa ameweka kibao, na kibao kile kinanizuia hata mimi ambaye hakuna aliyejua nimebeba.

Hoja ya kuzoeza watu siibezi. Watu huzoea mambo mengi. Ila mazoea huja kwa yule mzee wa maziwa, ambaye hamtazami mtu wala hapigi picha. Watu kumi wenye kamera hawamzoezi mtu kitu.

Kuhusu vibao, Texas imevifanya sayansi. Kubeba bastola wazi kwa leseni kuliporuhusiwa Januari 1, 2016, sheria iliwapa wenye maduka njia ya kukataa, lakini si kwa kikaratasi cha "samahani, hapana bunduki". Binamu alitutumia picha ya mlango wa duka moja karibu na kwake. Kioo kizima upande wa kulia kimefunikwa na maandishi meupe, herufi zenye urefu wa inchi moja, Kiingereza juu na Kihispania chini, aya nzima ya sheria. Kibao namba 30.06 kinakataza bastola ya kificho, 30.07 kinakataza ya wazi. Duka linaweza kuweka kimoja au vyote viwili. Ukipuuza kibao, faini ni hadi dola 200. Ukiambiwa kwa mdomo uondoke ukakataa, kosa linapanda daraja na jela inaingia. Baa ambayo asilimia 51 au zaidi ya mapato yake ni pombe inayonywewa hapo hapo ina kibao chake chenye tarakimu nyekundu, 51%, na huko hata leseni haikusaidii. Katika baadhi ya majimbo mengine kibao ni ombi tu. Sheria haianzi kuuma mpaka uambiwe utoke ugome.

Ukivitazama vibao hivyo unaona maduka mengi ya Texas yalipata njia ya kati: yaliweka 30.07 pekee. H-E-B, maduka makubwa ya vyakula ya huko, yalikataa silaha za wazi na kuacha za kificho kwa wenye leseni. Whataburger, wenye migahawa ya baga, nao walikataa za wazi, na mkurugenzi wao aliyetangaza hilo mwaka 2015 alieleza kuwa yeye mwenyewe ni mwindaji na ana leseni ya kubeba kwa kificho. Mjomba, hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Aliyesema "msije na bastola wazi" ana bastola.

Halafu ikaja Agosti 2019. Tarehe 3, mtu mwenye bunduki ndefu alishambulia duka kubwa la Walmart la El Paso, Texas. Waliokufa walifika 23. Siku tano baadaye kijana mmoja aliingia Walmart ya Springfield, Missouri, amevaa fulana ya kuzuia risasi, na bunduki na risasi zaidi ya 100. Hakufyatua hata moja. Aliwaambia polisi alitaka kujua kama Walmart inaheshimu Marekebisho ya Pili. Meneja alivuta kengele ya moto, wateja wakakimbia, na aliyemshikilia kijana huyo hadi polisi walipofika ni raia mwingine mwenye bastola yake. Kijana akafunguliwa mashtaka.

Weka pembeni kama sheria ya jimbo ilimruhusu kubeba au haikumruhusu. Kwa mteja aliyesimama kwenye rafu za sabuni siku ile, muuaji wa El Paso dakika moja kabla ya risasi ya kwanza na mwanaharakati wa Springfield wanafanana. Hana namna ya kuwatofautisha. Septemba 3 Walmart ikawaomba wateja wasibebe silaha wazi kwenye maduka yake, na maduka ya Kroger, CVS na Walgreens yakafuata siku zile zile. Kwetu habari ilifika kama "Walmart yapiga marufuku bunduki". Si kweli. Ilipunguza aina za risasi inazouza, lakini bunduki za kuwindia iliendelea kuziuza, na wenye leseni za kificho hawakuguswa.

Kipande cha mwisho cha mkasa huu kiko mbali na Texas, kwenye visiwa vya Hawaii. Baada ya hukumu ya 2022 kupanua haki ya kubeba, Hawaii ilitunga sheria mwaka 2023 iliyogeuza maana ya kimya. Karibu kote Marekani, duka lisiposema kitu, mwenye silaha halali anaingia. Hawaii ikasema: duka lisiposema kitu, asiingie, mpaka mwenye mali aseme au aandike kuwa anaruhusu. New York ilikuwa imejaribu kanuni kama hiyo kwa mali binafsi zilizo wazi kwa umma, mahakama ya rufaa ikaikataa. Ya Hawaii, mahakama ya rufaa ya upande wake ikaikubali mwaka 2024. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza kesi hiyo.

Wenye silaha wanaona ni hila: kila mtu anajua wenye maduka hawapendi kutangaza chochote, kwa hiyo ukikigeuza kimya kuwa "hapana" umefunga milango yote bila kuandika marufuku hata moja. Hawaii inajibu kwamba hakuna aliyewahi kuwa na haki ya kuingia na silaha kwenye mali ya mtu bila ridhaa, na ridhaa haikisiwi. Mawakili wamejaza kurasa kwa kurasa za sheria za karne ya 18 na ya 19, lakini swali lililofikishwa Washington, ukilivua majoho, ni la yule aliyetumwa chumbani kwa mwari: amenyamaza, sasa nirudi niwaambie nini?